Abebe Bikila: Siku 35 kati ya kisu cha daktari na dhahabu ya Tokyo

Tarehe 16 Septemba 1964, madaktari nchini Ethiopia walimfanyia upasuaji mwanajeshi mmoja wa Kikosi cha Walinzi wa Mfalme na kumwondoa kidole tumbo kilichokuwa kimevimba. Kwa mwanajeshi mwingine yeyote, habari hiyo ingeishia kambini na nyumbani kwake. Lakini mgonjwa huyo alikuwa Abebe Bikila, bingwa wa Olimpiki wa mbio za marathoni, na mbio za kutetea ubingwa wake zilikuwa zimepangwa kufanyika mjini Tokyo tarehe 21 Oktoba. Zilikuwa zimebaki siku 35.

Hadi wakati huo, hakuna mwanariadha aliyewahi kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Mabingwa waliomtangulia walijaribu wakashindwa, wengine wakiwa na afya kamili. Sasa Mhabeshi huyo wa miaka 32 alitakiwa kulijaribu jambo hilo akiwa na mshono mbichi tumboni.

Mtoto wa Jato

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, kwenye nyanda za juu za Shewa, kaskazini mashariki ya Addis Ababa. Siku hiyohiyo, upande wa pili wa dunia, marathoni ya Olimpiki ilikuwa ikikimbiwa mjini Los Angeles. Wazazi wake hawakuwa na habari nayo. Walikuwa watu wa jembe na mifugo, na mtoto wao alikua akichunga wanyama katika milima yenye hewa nyepesi, ambako kwenda kokote ni kwa miguu.

Alipokuwa mtoto mdogo, majeshi ya Italia chini ya Benito Mussolini yaliivamia nchi yake. Familia yake, kama nyingine nyingi, ilihama makazi kukimbia vita. Vita hivyo vilivyoanza mwaka 1935 viliacha kovu ambalo Waethiopia walilibeba kwa miaka mingi, na baadaye vilikuja kuyapa mbio za Abebe maana iliyozidi michezo.

Akiwa kijana alishuka Addis Ababa na kujiunga na Kikosi cha Walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko ndiko alikokutana na Onni Niskanen, Mswidi aliyefika Ethiopia mwaka 1946 kufundisha mazoezi ya viungo. Niskanen alimtazama mlinzi huyo mwembamba, mpole na asiyependa maneno mengi, akaona kifua kisichochoka. Alimtengenezea ratiba ya mazoezi: siku nyingine mbio ndefu za barabarani, siku nyingine mbio fupi za kasi zenye mapumziko mafupi, kisha mvuke wa kulegeza misuli. Kwa zama hizo, hayo yalikuwa mafunzo ya kisasa.

Usiku wa Roma

Tarehe 10 Septemba 1960, Abebe alisimama kwenye mstari wa kuanzia mjini Roma akiwa hajulikani. Viatu vipya havikumkaa vizuri miguuni, hivyo yeye na mwalimu wake wakaamua akimbie pekupeku, jambo ambalo hakuwa mgeni nalo mazoezini. Mbio zilianza jioni ili kukwepa joto la mchana, na giza lilipoingia askari walipanga mstari kando ya barabara ya kale ya Via Appia wakishika mienge.

Kilomita baada ya kilomita, alibaki bega kwa bega na Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco. Karibu na mwisho palisimama mnara wa mawe wa Axum, ambao Waitalia waliuchukua Ethiopia wakati wa uvamizi na kuusimamisha katikati ya Roma. Hapo ndipo alipoongeza kasi. Alimaliza chini ya Tao la Constantine kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda bora kuliko wote uliowahi kuandikwa duniani, sekunde 25 mbele ya Rhadi. Mwafrika mweusi kutoka kusini mwa Sahara alikuwa ametwaa dhahabu ya Olimpiki katika mji mkuu wa waliokuwa wameitawala nchi yake kwa mabavu.

Umaarufu haukumwepusha na misukosuko ya nyumbani. Desemba mwaka huohuo, makamanda wa kikosi chake walijaribu kumpindua Mfalme wakashindwa. Abebe, aliyekuwa askari wa kikosi hicho, alishikiliwa kwa muda mfupi kisha akaachiwa. Mwaka uliofuata alirejea barabarani na kushinda Athens, Osaka na Košice. Mwaka 1963 alikwenda Boston, akamaliza wa tano. Hiyo ndiyo marathoni pekee ya kimataifa aliyoifikisha mwisho bila kushinda.

Wiki tano za mashaka

Maumivu yalimshika akiwa mazoezini Debre Zeit, mji wa maziwa kusini mashariki ya Addis Ababa, wiki chache tu baada ya kujihakikishia nafasi katika timu ya Tokyo. Kidole tumbo kilichovimba hakingoji kalenda ya michezo. Kikiachwa hupasuka, na usaha ukimwagika tumboni huweza kuua. Upasuaji haukuwa jambo la kuahirishwa.

Hesabu iliyobaki ilikuwa ngumu. Wiki za mwisho kabla ya marathoni ndizo ambazo mkimbiaji huchonga makali yake. Aliyepasuliwa tumbo, kinyume chake, huambiwa apumzike, asinyanyue kizito, asiivute misuli ya tumbo. Nayo misuli hiyo ndiyo inayoshikilia kiwiliwili cha mkimbiaji kwa muda wa saa mbili na zaidi, na ndiyo inayosaidia pumzi kuingia na kutoka. Akiharakisha, mshono ungeweza kuachia. Akichelewa, miguu ingefika Tokyo ikiwa imelala.

Kilichomwokoa kilikuwa akiba. Pumzi ya mkimbiaji wa masafa marefu haijengwi kwa mwezi mmoja, wala haibomoki kwa wiki moja. Ni kazi ya miaka, na Abebe alikuwa na miaka mingi ya milima ndani ya mapafu yake. Alisimama kwa miguu yake siku chache baada ya upasuaji na hakumaliza wiki hospitalini. Kisha akarudi mazoezini hatua kwa hatua. Niskanen, aliyezoea kudai bidii, safari hii alikuwa na kazi ya kuipima bidii hiyo kwa kijiko.

Aliposafiri kwenda Japani, watu waliofahamu mambo ya riadha hawakuwa na hakika kama angeanza mbio, sembuse kuzimaliza. Isitoshe, wapinzani walikuwa wameongezeka makali. Mwingereza Basil Heatley alikuwa ameweka muda bora wa dunia miezi michache tu kabla. Ron Clarke wa Australia alikuwa na kasi ya kutisha. Wenyeji nao walimtegemea Kokichi Tsuburaya.

Tarehe 21 Oktoba, Abebe alikimbia akiwa na viatu na soksi nyeupe. Clarke aliongoza mwanzoni kwa mwendo mkali. Abebe hakumfukuza kwa pupa; alimsogelea, akampata, akampita. Jim Hogan wa Ireland alijaribu kumfuata akaachwa, na baadaye akatoka mbioni kabisa. Kuanzia karibu na nusu ya safari, bingwa alikuwa peke yake katika barabara kuu ya Koshu Kaido, uso umetulia, mabega hayayumbi, mbele yake magari ya waandishi wa habari na kandoni umati wa Wajapani.

Aliingia uwanjani na kumaliza kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Ulikuwa muda mpya bora wa dunia. Zikapita dakika 4 kabla ya wa pili kufika. Katika dakika hizo, mtu aliyelala kwenye kitanda cha upasuaji wiki tano zilizopita alikuwa kwenye nyasi katikati ya uwanja akinyoosha viungo, akilala chali na kuzungusha miguu hewani, kana kwamba mazoezi ndiyo kwanza yanaanza. Heatley alimpita Tsuburaya ndani ya uwanja na kutwaa fedha. Mjapani huyo akapata shaba. Inasimuliwa kwamba wakati wa kutoa medali, bendi haikuwa na wimbo wa taifa wa Ethiopia, ikapiga wa Japani.

Mfupa si tumbo

Miaka minne baadaye, Mexico City, Abebe alitaka dhahabu ya tatu. Mji huo uko juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na wengi waliamini kwamba hewa yake nyepesi ingemfaa mtu wa Addis Ababa. Lakini mwaka uliotangulia, huko Zarautz nchini Hispania, alikuwa ametoka mbioni kwa jeraha la msuli wa paja, na alifika Mexico mguu wake ukiwa na ufa mwembamba wa mfupa.

Tarehe 20 Oktoba 1968 alianza mbio pamoja na wenzake. Baada ya takriban kilomita 16 alisimama. Safari hii subira na akiba ya miaka havikutosha. Jeraha la kisu hufunga kadiri siku zinavyokwenda, bali ufa wa mfupa huongezeka kwa kila hatua inayoukanyaga. Aliyejua kuanza upya baada ya Septemba 1964 alijua pia pa kukomea. Dhahabu ilikwenda kwa Mamo Wolde, mwenzake wa miaka mingi, ikawa ya tatu mfululizo kwa Ethiopia.

Michezo hiyo ilikuwa na habari nyingine za Afrika Mashariki. Naftali Temu wa Kenya alimshinda Mamo katika mita 10,000, na Kipchoge Keino, aliyekuwa akisumbuliwa na maradhi ya nyongo, alitwaa dhahabu ya mita 1,500. Katika marathoni ileile aliyoiacha Abebe, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka, akaumia goti, akaendelea. Alifika uwanjani akiwa wa mwisho, mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo. Historia imewapokea wote wawili, aliyesimama na aliyechechemea hadi mwisho.

Hujafa hujaumbika

Usiku wa tarehe 22 Machi 1969, Abebe, ambaye sasa alikuwa kapteni, alikuwa akiendesha gari lake aina ya Volkswagen nje ya Addis Ababa. Gari lilipinduka. Alinaswa ndani yake hadi asubuhi. Uti wa mgongo ulikuwa umeumia vibaya, na miguu iliyokimbia Roma na Tokyo haikusogea tena.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Alipelekwa Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville, ambako daktari Ludwig Guttmann alikuwa ameanzisha michezo kwa watu waliopooza. Alikaa huko miezi minane. Mwanzoni hata kichwa hakuweza kukigeuza. Baadaye mikono ilipata nguvu. Mazoezi yalianza tena, na kipimo kikawa kingine: kukaa wima, kusukuma kiti cha magurudumu, kuvuta uzi wa upinde.

Mwaka 1970 alirudi Stoke Mandeville, safari hii kama mshindani, akashiriki kulenga shabaha kwa upinde na mpira wa meza. Mwaka 1971 alikwenda Norway katika michezo ya watu wenye ulemavu. Huko alishinda mbio za kilomita 25 za vigari vya kutelezea theluji vinavyovutwa na mbwa. Mtoto wa mchungaji wa Jato hakuwa amezoea theluji, lakini alizoea kushindana.

Mwaka 1972 alialikwa Munich kama mgeni wa heshima katika Olimpiki. Uwanja mzima ulisimama kumshangilia akiwa kwenye kiti chake. Mmarekani Frank Shorter, mshindi wa marathoni ya mwaka huo, alipokwisha kuvishwa medali alikwenda kumpa mkono.

Abebe Bikila alifariki dunia tarehe 25 Oktoba 1973 kwa kuvuja damu ubongoni, akiwa na umri wa miaka 41. Aliacha mjane, Yewebdar, na watoto wanne. Alizikwa Addis Ababa kwa heshima zote za kijeshi, mbele ya umati wa maelfu na Mfalme mwenyewe, na taifa likatangaziwa siku ya maombolezo.

Mnara wa Axum ulirudishwa Ethiopia mwaka 2005 na kusimamishwa tena mahali pake mwaka 2008. Mwaka 2010, Roma ilipoadhimisha miaka 50 ya ushindi wake, Mwethiopia Siraj Gena aliongoza marathoni ya mji huo, akavua viatu karibu na mwisho na kukata utepe pekupeku. Katika barabara za Addis Ababa, alfajiri kabla magari hayajajaa, vijana wangali wanakimbia kwenye baridi ileile iliyomlea Abebe, na uwanja mmoja wa mji huo unaitwa kwa jina lake.