Habari za Johannes Reuchlin, Mtetezi wa Vitabu vya Wayahudi

Johannes Reuchlin alizaliwa mwaka 1455 mjini Pforzheim, katika nchi ya Ujerumani. Alikuwa mwanasheria, tena jamaa ya Philipp Melanchthon, mwenzi wa Martin Luther. Alitamani kulisoma Agano la Kale katika lugha yake, akafundishwa Kiebrania na Jacob Loans, tabibu Myahudi wa Kaisari. Mwaka 1506 akatoa kitabu cha kuwafundisha Wakristo lugha hiyo.

Tangu karne ya 13 wahubiri kama Berthold wa Regensburg waliwashutumu Wayahudi kwa Kijerumani, hata watu wasiojua Kilatini wakasikia. Reuchlin naye mwaka 1505 aliandika ya kwamba taabu za Wayahudi ni adhabu ya dhambi zao.

Kisha Johannes Pfefferkorn, Myahudi aliyebatizwa, akaandika vitabu vya kuwashtaki watu wa ukoo wake. Mwaka 1509 akapewa amri ya Kaisari Maximilian ya kuwanyang'anya Wayahudi vitabu vyao, na mjini Frankfurt vikachukuliwa. Mwaka 1510 vikarudishwa, na Kaisari akataka shauri la wenye elimu. Vyuo vya Köln na Mainz vikakubali vitabu viondolewe. Reuchlin akakataa. Alisema Wayahudi ni raia wa dola, nao wana haki mbele ya sheria. Wala asiyeweza kukisoma kitabu hawezi kukihukumu. Kitabu cha matusi ya wazi tu kingeweza kuharibiwa, nacho kwanza kihukumiwe.

Pfefferkorn akamshambulia kwa maandishi, naye akajibu mwaka 1511 kwa kitabu kiitwacho Augenspiegel. Kwa ajili hiyo alishtakiwa miaka mingi, na mwaka 1520 Roma ikakihukumu kitabu hicho. Akafa mwaka 1522.

Wala tusiwalaumu wengine tu. Mwaka 1543 Luther mwenyewe aliandika kwamba masinagogi ya Wayahudi yachomwe moto. Mwaka 1984 mkutano mkuu wa Makanisa ya Kilutheri ulimwenguni, mjini Budapest, ulipokea tamko la kuyakataa maneno yake hayo. Rais wake alikuwa Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, ng'ambo ya ziwa letu.

Basi, ndugu, amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Hapa Kisesa twakaa pamoja na watu wa dini na makabila mengi. Tusikiapo mmoja akiwashutumu wote, tumwulize kwanza kama anawajua.