Bibi wa Sungura

Muhula uliopita hadithi yangu ilirudishwa na mhariri wa gazeti moja. Niliificha chini ya godoro, nikaapa kutoandika tena. Kisha nikasoma habari za Beatrix Potter.

Bibi huyu alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1866. Mwaka 1893 alimpelekea mtoto mgonjwa barua yenye picha na kisa cha sungura mtundu, Peter. Baadaye alikifanya kitabu, lakini wachapaji kadhaa walikikataa. Yeye alitaka kitabu kidogo cha bei nafuu, kienee mikononi mwa watoto, wala hakukubali kukikuza. Desemba 1901 alitoa fedha zake, akachapisha nakala 250, zikaisha upesi. Kampuni ya Frederick Warne, iliyokuwa miongoni mwa waliokataa, ikageuka, ila ikataka picha za rangi. Hilo alilikubali, na kitabu kikatoka mwaka 1902. Kwa mapato yake alinunua shamba mwaka 1905, akafuga kondoo. Alifariki mwaka 1943.

Basi nimeitoa hadithi yangu chini ya godoro. Nimeona mwisho wake kweli haufai, nautengeneza. Mwanzo siugusi.