Mashine peke yake haikumweka hai Barney Clark

Historia ya tiba ina mazoea ya kuwakumbuka wavumbuzi na kuwasahau wagonjwa. Panapozungumzwa habari za moyo bandia, wanafunzi wetu aghalabu hutajiwa Robert Jarvik, ambaye jina lake lilipewa chombo chenyewe, na William DeVries, mpasuaji aliyekitia kifuani mwa mtu mwaka wa 1982. Mwenye kifua hutajwa kwa sentensi moja, kisha tukasonga mbele. Ilhali yeyote anayetaka kujua maana ya kumtunza mtu ambaye damu yake inasukumwa na pampu hana budi kuanza na huyo.

Barney Clark alizaliwa mwaka wa 1921 huko Provo, jimbo la Utah, Marekani. Alisomea udaktari wa meno, akafanya kazi hiyo kwa miaka mingi karibu na mji wa Seattle, akaoa na kulea watoto. Baada ya kustaafu, misuli ya moyo wake ilianza kulegea kwa ugonjwa ambao chanzo chake hakikupatikana. Maji yalimjaa mwilini, pumzi ikawa haba, hata hatua chache za kutembea chumbani zikawa safari. Dawa za wakati huo hazikumfaa, na umri wake ulikuwa umepita kikomo kilichowekwa na waliokuwa wakipandikiza moyo wa binadamu.

Ndipo alipoelekezwa Chuo Kikuu cha Utah, mjini Salt Lake City, ambako Willem Kolff, Mholanzi aliyekuwa tayari mashuhuri kwa kubuni figo bandia, alikuwa akiongoza kazi ya viungo vya kutengenezwa. Clark alikwenda kwanza kuwatazama wanyama waliokuwa wakiishi kwa moyo huo. Nadhani hapo ndipo ujuzi wake wa udaktari ulipomsaidia: alijua tofauti ya tiba na jaribio. Hati ya ridhaa aliyopewa ilikuwa na kurasa 11, na aliitia sahihi mara mbili, siku mbalimbali, ili apate nafasi ya kughairi. Hakughairi. Hali yake ilipozidi kuwa mbaya, upasuaji uliharakishwa, ukafanywa usiku wa kuamkia tarehe 2 Desemba 1982. Alikuwa na umri wa miaka 61.

Inasimuliwa kwamba mkewe, Una Loy, aliwauliza madaktari kama mumewe angeweza kuendelea kumpenda baada ya moyo wake kuondolewa. Wako waliolicheka swali hilo. Mimi, ambaye kazi yangu ni maneno, silicheki. Kiswahili chetu kinampa mtu moyo, kinamvunja moyo, kinamsifu kwa moyo mkunjufu, na hakuna hata mmoja wetu anayefikiria pampu anaponena hivyo. Una Loy aliuliza kwa lugha ya watu jambo ambalo lugha ya hospitali haikuwa na nafasi yake katika kurasa zile 11.

Moyo wenyewe ulikuwa vyumba viwili vya plastiki vilivyosukumwa kwa hewa. Mirija miwili yenye urefu wa kama mita 2 ilitoka chini ya mbavu za mgonjwa ikaungwa na mtambo wenye uzito wa zaidi ya kilo 150. Kwa hiyo kumtoa Clark kitandani hadi kitini halikuwa jambo la kumshika mkono tu. Ilibidi mirija iangaliwe isikunjike, shinikizo la hewa lipimwe, na mahali ilipopenya ngozi pawe safi, kwani kila tundu mwilini ni mlango wa viini. Kazi hiyo haikuwa na usiku wala mchana, na waliokuwa wakiifanya zaidi ni wauguzi.

Wala taabu haikuwa moja. Katika majuma mawili ya kwanza mapafu yalivujisha hewa akapasuliwa tena. Akapatwa na degedege iliyomwacha amechanganyikiwa. Kisha vali moja ya chombo ikavunjika, na chumba cha kushoto kikabadilishwa. Baadaye pua ilitoka damu bila kukoma, jambo ambalo si la ajabu kwa mtu anayepewa dawa za kuzuia damu isigande ndani ya pampu. Waandishi wa habari walipiga kambi wakitaka kujua kama mashine ingali inadunda. Ilikuwa inadunda. Aliyekuwa taabani ni mtu.

Pampu za leo ni nyingine. Nyingi hazing'oi moyo wa mgonjwa, bali huusaidia upande wake wa kushoto, na badala ya mtambo mzito kuna waya mmoja unaotokeza tumboni hadi kwenye betri anazovaa mwenyewe. Mgonjwa hurudi nyumbani. Lakini hapo pia hahitaji chombo pekee: lazima awepo mtu aliyefunzwa kufunga kidonda cha waya kwa usafi, kubadilisha betri bila kuzima pampu, na kuhakikisha dawa ya damu haizidi wala haipungui. Mtu huyo hujua hata jambo ambalo mpita njia halijui, kwamba katika pampu nyingi damu hupita mfululizo, hivyo mapigo huenda yasisikike mkononi ingawa mgonjwa yu hai. Aghalabu mtunzaji huyo ni mke, mume au mtoto. Una Loy aliifanya zamu yake miaka mingi kabla ya zamu hiyo kupata mafunzo rasmi.

Mwezi Machi 1983 Clark alihojiwa mbele ya kamera na DeVries. Kwa sauti dhaifu alieleza kwamba kwa mtu ambaye njia yake nyingine ni kifo, jambo hilo lilistahili kufanywa. Watetezi wa mashine wameyarudia maneno hayo kila mara. Mimi naona ni haki yake kuyasema, kwa kuwa ndiye aliyelipa gharama ya kuyajua, lakini hayamlazimishi mgonjwa mwingine.

Siku chache baadaye aliingiwa na ugonjwa wa utumbo mpana, wa namna ambayo mara nyingi hufuata matumizi ya antibiotiki. Figo zilishindwa, mishipa ikalegea, damu ikakosa nguvu ya kufika inakotakiwa. Pampu haikuwa na kasoro; ilikuwa imekwisha kudunda karibu mara milioni 13. Usiku wa tarehe 23 Machi 1983, siku ya 112, mashine ilizimwa kwa ufunguo. Kolff alikuwa ameeleza mapema kwamba mgonjwa ana haki ya kuwa na ufunguo wa kuizima mwenyewe iwapo maisha yatamshinda. Katika siku zote hizo, Clark hakuugeuza.