Henrik Dam na Vifaranga Waliotokwa Damu

Ndugu msomaji, ukijikata kidole kwa kisu, damu hutoka, kisha huganda. Je, isipoganda itakuwaje? Mtaalamu mmoja wa Denmark, nchi ya Ulaya, aliyaona hayo kwa vifaranga wake. Jina lake Henrik Dam.

Dam alizaliwa mjini Copenhagen mwaka 1895. Baba yake alikuwa mtengeneza dawa, na mama yake mwalimu. Alisoma kemia, akafanya kazi katika Chuo Kikuu cha mji huo.

Mwaka 1929 alikuwa akilisha vifaranga chakula kilichoondolewa mafuta. Alikuwa akichunguza jambo jingine kabisa. Baada ya wiki chache aliona damu imevilia chini ya ngozi zao. Wengine walivuja damu ndani ya mwili. Damu yao ilichelewa mno kuganda.

Mtu mwingine angewatupa. Dam aliendelea kuwachunguza. Aliwapa maji ya limau, hayakusaidia. Aliwapa mafuta ya samaki. Wapi! Lakini vifaranga waliopewa majani mabichi, au maini ya nguruwe, hawakuugua. Basi akajua kuwa mna kitu ndani ya vyakula hivyo. Kitu hicho huyeyuka katika mafuta. Ndiyo maana mafuta yalipoondolewa, nacho kiliondoka. Mwaka 1935 alikiita vitamini K. Maini yetu hukihitaji ili kutengeneza vitu vinavyogandisha damu.

Mwaka 1940 Dam alikwenda Marekani kufundisha. Mwaka huohuo Ujerumani iliivamia nchi yake, naye akabaki ugenini hadi 1946. Huko ndiko alikopewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943, pamoja na Edward Doisy wa Marekani.

Sasa sikiliza, mama mzazi. Mtoto mchanga huzaliwa na vitamini K kidogo sana. Maziwa ya mama ni chakula bora kwake, ila vitamini hiyo ni haba humo. Mtoto anaweza kuvuja damu hata kwenye ubongo. Sindano moja mara baada ya kuzaliwa humkinga. Muulize mkunga wako. Sisi wakubwa huipata katika mchicha, kisamvu na matembele, hasa yakiungwa kwa mafuta.

Dam alifariki mwaka 1976. Siku hizi chakula cha kuku wanaofungiwa ndani huchanganywa na vitamini K, kwa kuwa kuku hao hawana majani ya kudonoa.