Kazimierz Nowak: miaka tano peke yake katika Afrika, kwa kinga na kwa miguu

Hapa Goma, mutu akisukuma kinga yenye mizigo kutoka mbali, hakuna anayegeuka kumuangalia. Chukudu inashuka na viazi kutoka Kibumba, ni maisha ya kila siku. Lakini miaka ya 1930, muzungu aliyetokea peke yake juu ya kinga, bila msafara wa wabeba mizigo nyuma yake, alikuwa ajabu.

Kazimierz Nowak alizaliwa mwaka 1897 huko Stryj, muji ambao leo uko Ukraine. Kisha vita ya kwanza ya dunia, aliishi Poznań, Polandi, akifanya kazi ya ofisi katika asurance. Alikuwa na muke, Maria, na watoto wawili. Uchumi ulipoanguka, kazi ikakosekana. Njo akapata wazo ambalo jirani yeyote angeliita wazimu: kuvuka Afrika polepole, kupiga picha, kuandikia makazeti, na pesa ya makazeti ilishe watu wa nyumbani. Kwa hiyo hakuwa tajiri anayetembea kujifurahisha. Alikuwa baba anayetafuta.

Aliondoka mwezi wa 11 mwaka 1931. Kutoka Libya akapita Misri, Sudani na Uganda, akaingia Kongo ya Wabelgiji, akapita pia Rwanda, hapa jirani. Fasi ya mchanga ao ya milima, kinga inamugeukia mutu kuwa muzigo. Watu wa huku hawahitaji kuelezwa. Mwaka 1934 akafika Cape Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya Afrika.

Mwengine angepanda meli arudi kwao. Yeye akageuza njia. Alipanda farasi, akatembea kwa miguu, akashuka mto Kasai kwa mutumbwi mpaka akafika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Kisha Chadi, kisha jangwa la Sahara juu ya ngamia. Mwezi wa 11 mwaka 1936 alikuwa Algiers. Jumla, karibu kilometa 40.000.

Kwa kuwa alienda polepole, aliona mambo ambayo wazungu wa ndani ya magari hawakuona. Alilala vijijini, akaona namna wakoloni walivyotendea wenyeji, na akaandika kwa hasira juu yake. Na wakati ule kwao Polandi kulikuwa chama kikubwa kilichotaka nchi yao nayo ipate koloni! Maandishi yake hayakuwafurahisha watu wa namna hiyo.

Tena ni lazima kusema jambo moja. Nowak alivuka mipaka kwa sababu ngozi yake ilimuruhusu. Mukongomani wa wakati ule hakuweza kuacha eneo lake kwa muda mrefu bila karatasi ya leta. Angejaribu safari ile ile, peke yake, na mutumbwi wake, angekamatwa mapema sana. Hakuna anayejua ni vijana wangapi wa huku walikuwa na miguu ya Nowak na hawakupewa njia.

Yeye naye alilipa. Malaria ilimurudilia mara nyingi. Maria alilea watoto miaka tano akiishi na barua. Nowak alirudi nyumbani mwili umekwisha kuchoka, akaonyesha watu picha zake, na hata mwaka muzima haukuisha: tarehe 13 mwezi wa 10 mwaka 1937 alikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Alikuwa na miaka 40.

Vita ya pili ikaja, jina lake likapotea. Ni mwaka 2000 tu ambapo mwandishi Łukasz Wierzbicki alikusanya maandishi yake kutoka makazeti ya zamani na kuyatoa kama kitabu. Mwaka 2006, kibao chenye jina lake kiliwekwa kwenye kituo cha treni cha Poznań. Aliyekifungua ni Ryszard Kapuściński, mwandishi mwengine wa Polandi ambaye naye alikuja Kongo wakati wa matata ya uhuru.