Henry Dunant: mupita njia mwenye alisimama

Wazazi wa Mutshatsha na Kolwezi, mutoto wa secondaire akirudia nyumbani na kusema wanajifunza sheria ya vita, musimucheke. Kuna mafundisho yenye iliandikwa kwa vijana wa miaka 13 mpaka 18, na inaanza na swali hii: mutu asiye askari wala munganga anaweza kufanya nini mbele ya ubaya? Siye wa huku tunaijua ile swali. Mwaka 1977, kwa vita ya siku 80, Mutshatsha ilikamatwa, kisha ikakamatwa tena. Mwaka 1978 ikawa zamu ya Kolwezi. Leo tunawaelezea maisha ya mutu mwenye alijibu ile swali kwa mikono yake.

Henry Dunant alizaliwa Genève, inchi ya Uswisi, tarehe 8 Mei 1828. Masomo ilimushinda: alitoka collège juu pointi zilikuwa chache, akaenda kujifunza kazi ya banki. Lakini tangu ujana, yeye na wenzake walikuwa wanasaidia maskini na kutembelea wafungwa.

Kisha akafanya biashara Algeria, ya mashamba na kinu cha ngano. Karatasi za udongo na maji zikakawia. Wachimbaji wetu wanajua namna mutu anahangaikaka juu ya concession. Mwaka 1859 akasafiri mpaka Italia, kumutafuta Kaisari Napoléon III wa Ufaransa ili amusaidie.

Kumbe anaingia ndani ya vita. Tarehe 24 Juni, kule Solferino, Wafaransa na wenzao wa Sardinia walipigana na Waaustria. Wafu na wenye vidonda walikuwa karibu 40,000, na wanganga wachache sana. Ndani ya kanisa ya Castiglione, watu walilala chini na kiu na damu. Dunant akaacha mambo ya biashara. Alinywesha maji, akaosha vidonda, akapokea maneno ya mwisho ya wenye kufa ili ayafikishe kwa wazazi wao. Wamama wa ule muji njo walibeba kazi kubwa, na walipoona yeye habagui, nao wakawahesabu wote kuwa ndugu, hata wale wa upande wa adui.

Mwaka 1862 alitoa kitabu juu ya Solferino, kwa feza yake mwenyewe. Aliomba mambo mawili: kila inchi iwe na chama cha kusaidia wenye vidonda, na serikali zipatane sheria ya kuwalinda. Mwaka 1863, yeye na watu wengine wanne wa Genève walianzisha kamati yenye ilizaa Croix-Rouge, ni kusema Musalaba Mwekundu. Tarehe 22 Agosti 1864, serikali 12 zikatia sahihi Mapatano ya Genève.

Lakini biashara ya Algeria ikaanguka. Mwaka 1867 akafilisika na madeni mengi, akatoka Genève, hakurudia tena. Paris alilala njaa. Watu wakamusahau, mpaka mwaka 1895 mwandishi wa gazeti akamukuta mzee ndani ya hospitali ya Heiden. Mwaka 1901 akapewa Nobel ya Amani, ile ya kwanza, pamoja na Frédéric Passy. Ile feza hakuila. Alipokufa, tarehe 30 Oktoba 1910, aliacha sehemu yake kwa kitanda cha bure cha wagonjwa maskini wa Heiden.

Inchi yetu iko ndani ya Mapatano ya Genève tangu 1961. Mwenye kidonda haguswi. Mwenye kuweka silaha chini hauawi. Raia hashambuliwi. Mutoto haingizwi ndani ya jeshi.

Basi, mutoto akifungua cahier yake mangaribi, mukae naye. Yeye awafundishe sheria, nanyi mumuelezee vile muliona 1977 na 1978. Dunant hakumaliza masomo, lakini somo lake lingali linaendelea.