Mwalimu Nyerere na Tume ya Malalamiko ya Wananchi

Aghalabu sisi wanafunzi wa Kiswahili humkumbuka Julius Kambarage Nyerere kwa kukikweza Kiswahili na kwa kuzitafsiri tamthilia za Shakespeare. Lipo jambo jingine lisilotajwa sana. Chini ya uongozi wake, Tanzania ilianzisha mwaka 1966 asasi ya kwanza barani Afrika ya kuchunguza malalamiko ya raia dhidi ya watumishi wa umma. Makala haya yanayaangalia maisha yake kwa mintarafu ya asasi hiyo.

Nyerere alizaliwa Butiama Aprili 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Tabora na Makerere, akafundisha, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949. Aliporejea mwaka 1952 alisomesha Pugu. Mwaka 1954 alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU na rais wake wa kwanza, na mwaka uliofuata akaacha kazi ya kufundisha kwa ajili ya siasa. Jina la Mwalimu halikumtoka. Tanganyika ilijipatia uhuru tarehe 9 Desemba 1961, naye akawa Rais mwaka mmoja baadaye.

Januari 1964 aliunda tume, chini ya Rashidi Kawawa, ipendekeze namna ya kujenga demokrasia katika chama kimoja. Swali lilikuwa zito. Pasipo chama cha upinzani, nani angemsemea mkulima aliyeonewa na afisa wa wilaya? Ikumbukwe pia kwamba tangu 1962 palikuwa na sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Katika ripoti yake ya 1965, tume hiyo haikupendekeza haki za raia ziorodheshwe katika katiba. Badala yake ilipendekeza Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, wazo linalokaribiana na lile la ombudsmani wa Uswidi, ambaye asili yake ni katiba ya 1809. Chifu Erasto Mang'enya akawa mwenyekiti wa kwanza.

Makamishna hawakukaa Dar es Salaam wakingoja barua tu. Walizuru mikoani wakawasikiliza wananchi. Walichunguza maafisa wa serikali, wa chama, wa serikali za mitaa na wa mashirika ya umma. Kwa mnyonge asiye na pesa za wakili, huo ulikuwa mlango mpya wa haki.

Hata hivyo, mlango huo ulikuwa na kitasa upande mmoja. Ombudsmani wa Uswidi huwajibika kwa Bunge. Tume ya Tanzania iliwajibika kwa Rais. Rais ndiye aliyewateua makamishna, ndiye aliyepokea matokeo na kuamua la kufanya, na aliweza kuusimamisha uchunguzi. Yeye mwenyewe hakuweza kuchunguzwa. Inafaa kukumbuka kwamba mwaka 1963 ndipo ilipotoka tafsiri yake ya Juliasi Kaizari, tamthilia inayouliza jamii imfanyeje kiongozi anayependwa ambaye mamlaka yake yamekithiri.

Mgala muue na haki yake mpe. Nyerere aliwataka watumishi wa umma wawajibike wakati ambapo majirani wengi hawakuwa na asasi kama hiyo. Hapa Kenya, Tume ya Ndegwa ilipendekeza ombudsmani mwaka 1971, lakini tulingoja hadi katiba ya 2010 na sheria ya 2011 ndipo tukapata Tume ya Haki ya Utawala. Nyerere, kwa upande wake, aling'atuka urais kwa hiari mwaka 1985, mwaka mmoja baada ya haki za raia kuingizwa katika katiba ya Tanzania. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mwaka 2001 nafasi ya Tume yake ilichukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Funzo la maisha yake kwa somo hili ni bayana. Uadilifu wa kiongozi ni neema, lakini hautoshi kuwa kinga ya raia. Asasi ya malalamiko hukamilika pale inapoweza kumwuliza swali hata yule aliyeiunda.